Meza imegoma: dalili, chanzo na dawa kwa anayechezesha D&D na washkaji zake

Mimi nachezesha D&D sebuleni kwangu Sinza, mwaka wa nne huu, watu watano, wakati mwingine wanne, na kuna Jumamosi tulitokea wawili tu tukaishia kula chipsi mayai na kuangalia mpira. Kama mchezo wenyewe, Dungeons & Dragons kwa jina refu, huujui ni hivi: mtu mmoja ndo mchezeshaji, anaeleza mahali mlipo na kinachotokea, wengine kila mtu ana mhusika wake na anasema anafanya nini, pale ambapo hamna uhakika dadu inaamua, hasa ile ya pande 20. Umetoka Marekani mwaka 1974, jamaa wawili Gary Gygax na Dave Arneson ndo waliutunga, ila mtu aliyekua na paukwa pakawa nusu ya mchezo anaijua tayari, tofauti ni kwamba hapa wasikilizaji wanamkatisha bibi katikati ya hadithi na kumwambia subiri kwanza, mimi sungura simfuati huyo fisi, narudi nyumbani.

Na hapo ndo matatizo yanapoanza.

Kabla sijaingia kwenye dalili moja moja, nina kipimo kimoja nakitumia kwa kila kitu, nakiita kipimo cha karata. Ukiona meza yenu inasumbua jiulize: hili tatizo lingekuwepo kama leo tungekuwa tunacheza karata tu? Kama jibu ni ndiyo, funga kitabu cha kanuni, hilo ni la watu, kanuni haitakusaidia. Kama jibu ni hapana basi ni la mchezo wenyewe au la maandalizi yako, na hapo kuna vitu vya kurekebisha. Mimi nilipoteza kama mwaka mzima nikimpa dawa ya minyoo mtu mwenye malaria, kila kukiwa na ugomvi nabadilisha kanuni, kila watu wakiboreka naongeza mazimwi.

"Jumamosi hii sitaweza jamani"

Hii ndo inayoua makundi mengi, kuliko joka lolote. Dalili unaijua: kwenye grupu la WhatsApp mtu anauliza "vipi wikiendi tupo?", wawili wanaweka dole gumba, mmoja anasema atajibu jioni, mmoja kasoma kanyamaza, Ijumaa usiku unaahirisha. Wiki inayofuata hivyo hivyo. Miezi miwili imepita.

Watu wanadhani chanzo ni kwamba marafiki zao hawako siriasi. Hapana, piga hesabu. Chukua wachezaji watano ambao kila mmoja ni mtu wa kuaminika kabisa, katika Jumamosi tano anatokea nne. Uwezekano wa wote watano kuwepo siku moja ni 0.8 mara 0.8 mpaka mara tano, unapata kama asilimia 33. Yaani ukisubiri mpaka wote watimie utacheza mara moja katika tatu, na hao ni watu wazuri! Wakiwa sita inashuka hadi asilimia 26. Kwa hiyo tatizo umelitengeneza wewe mwenyewe pale uliposema "tunacheza tukitimia".

Dawa yetu ilikuwa mbili kwa mpigo. Kwanza siku haipigiwi kura tena, ni kila Jumamosi ya pili, saa nane mchana, hata kama grupu limekufa mimi niko sebuleni. Pili, wakiwa watatu tunacheza. Asiyekuwepo mhusika wake amebaki kulinda jahazi (kampeni yetu, yaani ile hadithi ndefu tunayoiendeleza kikao hadi kikao, iko pwani, mji wa kubuni wenye sura ya Kilwa ya zamani, ngome, magofu na biashara ya dhahabu, kwa hiyo jahazi lipo siku zote). Kuna mshkaji wetu wa Kigamboni, yeye kila mara pantoni, kila mara foleni, mhusika wake amelinda jahazi mpaka wenzake wamempa cheo cha nahodha.

Alafu angalia kalenda kwa macho ya mtu anayeishi hapa. Ramadhani aidha mnahamia usiku baada ya taraweh au mnapumzika mwezi mzima na hakuna anayemlaumu mwenzie. Mwezi wenye harusi nyingi kubali tu. Tarehe za katikati ya mwezi nauli inakuwa ishu, usipange kikao cha kuchangia msosi wa bei. Na siku ya dabi ya Simba na Yanga usijaribu kushindana nayo, nimejaribu, nilibaki na dadu zangu.

Kuna sababu moja ya kutokuja ambayo ratiba haiitibu. Mtu ameshachoka na mchezo ila anaona aibu kusema, maana ninyi ni marafiki zake na akiacha mchezo anahisi anawaacha ninyi. Huyu usimuulize kwenye grupu, atasema "nipo nipo". Mfuate pembeni. Mimi nilimwandikia mmoja, "Kaka, kiukweli bado una hamu au tukuache upumzike, hamna noma kabisa." Alijibu baada ya dakika mbili, na ule ujumbe wake unaona kabisa mtu ametua gunia. Mpaka leo anakuja, anakaa kwenye kochi, anakula, anacheka wenzake wakifa.

Wanafika, ila saa kumi

Waambie saa saba. Ikishindikana anza na chakula badala ya kumaliza nacho, mtu akijua ubwabwa unaisha saa nane na nusu anafika saa nane. Tusipoteze muda hapa.

Hamna dadu

Swali hili naulizwa sana na watu wa mikoani. Dadu zile za pande 4, 8, 12, 20 hazipo kila duka, na kuagiza nje ni gharama na kusubiri. Kanuni zenyewe angalau sio tatizo tena, Januari 2023 wenye mchezo waliweka waraka wa kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, unaupakua bure na ni halali. Kwa dadu, chukua pakiti ya karata. Toa kopa kuanzia ree mpaka kumi, na shupaza hivyo hivyo, jumla karata 20. Kopa zinasomeka kama zilivyo, shupaza unaongeza kumi. Hapo una dadu ya pande 20. Ila karata ikishatoka LAZIMA irudishwe na zichanganywe upya, la sivyo ile 20 ikitoka mara moja ndo imeondoka na mnacheza kitu kingine.

Wengine wanatumia dadu tatu za ludo, wanajumlisha. Inafanya kazi ila ujue umebadilisha mchezo: wastani ni ule ule 10.5, lakini kwenye ludo tatu 18 inatoka mara 1 katika 216, wakati kwenye pande 20 kila namba ina nafasi 1 katika 20. Mambo yanakuwa ya katikati katikati, miujiza inapotea, na mtu alikuja kwa ajili ya miujiza.

Vita haviishi

Mmekutana na vibwengo sita njiani. Ni saa tisa. Mnamaliza kuwapiga ni saa kumi na moja kasoro na hakuna anayekumbuka mlikuwa mnaenda wapi.

Kipimo cha karata kinasema hapana, kwenye karata zamu ni sekunde tano, kwa hiyo hili ni la mchezo na lina dawa. Tena hesabu: wachezaji watano kila mmoja anachukua dakika tatu kuamua na kurusha, hizo 15, vibwengo wako sita dakika moja moja, jumla 21 kwa raundi moja, raundi nne ni dakika 84. Hakuna aliyefanya kosa lolote na karibu saa nzima na nusu imekwenda.

Angalia wapi dakika zinavuja. Kwetu sehemu kubwa ilikuwa mtu anaanza kufikiria pale zamu yake inapofika. Nikaanza kusema "zamu yako, na wewe dada jiandae", maneno mawili tu hayo ya mwisho yalipunguza karibu theluthi. Rusha dadu ya kupiga na ya madhara kwa pamoja, usisubiri kujua kama imepata. Kibwengo (goblini) kwenye kitabu cha mchezo cha mwaka 2014 ana uhai 7, yaani pointi zinazopungua akipigwa. Panga linalotumia dadu ya pande 8 ukiongeza nguvu 3 linatoa wastani wa 7.5, maana yake pigo moja kwa kawaida linammaliza. Sasa kwa nini unaandika kwenye karatasi kibwengo wa tatu amebaki na uhai 2? Akipigwa amekufa. Hakuna mchezaji aliyewahi kunilalamikia kwamba kibwengo kafa mapema.

Kubwa zaidi, hakuna kiumbe mwenye akili anayepigana mpaka wa mwisho. Wakishakufa watatu kati ya sita, waliobaki wakimbie, au wapige magoti waseme tusameheni wakuu, tutawaonyesha lilipo pango. Hapo vita vimeisha na hadithi imeanza tena kwa wakati mmoja. Nilichelewa sana kulijua hili, mazimwi yangu yote mwaka wa kwanza yalikuwa yanapigana kana kwamba yanalipwa posho.

Kinyume chake kipo pia: umeandaa joka moja kubwa la kutisha, umeliota wiki nzima, linakufa kabla halijafungua mdomo. Sababu ni kwamba watano wanapiga mara tano kabla yeye hajapiga ya pili. Mpe wasaidizi hata wanne dhaifu, mpe na ukuta wa kujificha.

Mmoja anaongea, wengine wako kwenye simu

Tulikuwa na jamaa wa benki ambaye kila nikiuliza "mnafanya nini?" yeye ndo anajibu. Anafungua mlango yeye, anaongea na mlinzi yeye, anapanga bei yeye. Wengine taratibu vichwa vinainama, mwanga wa simu unaonekana kwenye mashavu. Nikamuona mchoyo. Nikatunga mpaka kanuni ya vijiti, kila mtu ana vijiti vitatu vya kiberiti vya kuongea kwa saa, ujinga mtupu, watu wakaanza kubana vijiti kama luku inataka kuisha.

Siku moja nikamsikiliza vizuri. Huyu mtu hakuwa anawakatisha wenzake, alikuwa anajaza ukimya. Mimi nauliza "mnafanya nini?", swali la watu wote ambalo kwa kawaida yetu ni swali la hakuna mtu, linakaa hewani sekunde nne, tano, yeye anaona mwenyeji anaaibika, anaokoa jahazi. Kosa lilikuwa kwenye swali langu. Nikaacha kuuliza "mnafanya nini" nikaanza kuita mtu: "Mnajimu, wewe uko karibu na dirisha, unasikia hatua za mtu huko nje, unafanyaje?" Mwita kwa jina la mhusika, mpe kitu kimoja kinachotokea kwake, nyamaza. Simu zilirudi mifukoni zenyewe, sikuwahi kumwambia mtu aweke simu chini.

Ila kuna mkimya ambaye ni mkimya tu na anafurahi hivyo hivyo. Dogo wetu wa chuo anaongea mara sita kwa kikao kizima, na akienda nyumbani ananitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne akieleza mhusika wake alikuwa anawaza nini. Huyo hana ugonjwa, muache.

Kila mtu anaongea kama yuko kwenye intavyuu

Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza tulicheza kwa Kiingereza, hata hatukukubaliana, ilitokea tu. Na yule yule wa benki, mtu anayechekesha daladala nzima, akifika mezani anakuwa kama anaomba kazi. Sentensi fupi, sahihi, zimekufa. Nilidhani hawapendi hadithi yangu.

Halafu jioni moja umeme ukakatika katikati ya vita. Tukawasha tochi ya simu moja tukaiweka chini ya chupa ya maji ili isambaze mwanga, na kwenye lile giza jamaa akasahau, akamshika kibwengo kola akasema, "Oya we, unataka hela au unataka meno yako? Chagua moja, mi sina siku nzima." Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Tangu siku hiyo hatujarudi nyuma.

Ukitaka kuhamia Kiswahili usitafsiri kitabu kizima, utachoka ukurasa wa tano na utapata maneno ya mtihani. Badilisha yale machache yanayotamkwa kila dakika. Zile pointi zinazopungua ukipigwa sisi tunaita uhai. Namba ambayo adui lazima aifikie ndo akupate ni kinga. Ile ya kurusha ili ukwepe sumu au moto tunasema jinasue, "haya jinasue!", inapendeza kuipiga kelele. Ukipewa nafasi ya kurusha mara mbili uchukue kubwa ni bahati mbili (na ina thamani, wastani unapanda kutoka 10.5 hadi karibu 13.8). Goblini wamekuwa vibwengo. Neno lililobaki na utata ni kampeni, maana ukimwambia bosi "Jumamosi nina kampeni" anakuuliza unagombea kata gani.

Wamekwama, nusu saa wanazunguka chumba kimoja

Uliwawekea barua ya siri ndani ya kabati, wamerusha dadu kutafuta, hawajaipata, na bila barua hadithi haiendi. Sasa wanapiga kuta, wanalamba mishumaa, na wewe unatokwa jasho.

Mlango mkuu wa hadithi usiufunge kwa dadu. Mchezaji mwenye nyongeza ya 2 juu ya dadu akitakiwa afike 15 anahitaji atoe 13 au zaidi, hizo ni nafasi 8 katika 20, asilimia 40. Yaani umeandika hadithi ambayo mara nyingi haitaendelea. Kitu cha lazima wapewe bure wakitafuta, dadu iamue kama wamekipata kimya kimya au mlinzi amewasikia. Na kila jambo la muhimu liwe na njia tatu za kulijua: barua kabatini, mvuvi aliyemuona mtu usiku, damu kwenye kamba ya ngalawa. Wataikosa ya kwanza, ya pili wataielewa vibaya, ya tatu itawatoa.

"Jini gani mnamuita humu ndani kwangu?"

Kuna kipindi sebule yangu ilikuwa inapakwa rangi tukahamia kwao na dada wa famasi, Temeke. Mama yake yuko jikoni, anasikia. Mmoja wetu kwa sauti ya ushujaa kabisa akasema, "Sawa, namchinja mlinzi, alafu namuita jini wa moto." Pazia likafunguka.

"Jini gani mnamuita humu ndani kwangu?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba, nimeuliza jini gani."

Kimya. Mezani kuna mshumaa (nilitaka mazingira, najuta), karatasi zenye michoro ya duara, na dadu ambazo kwa mama yeyote ni kamari. Ukiangalia kwa macho yake, kusema kweli ningetufukuza.

Hili kipimo cha karata kinakudanganya kidogo, maana karata nazo kuna nyumba hazitakiwi. Na sio sisi tu, kule kwenyewe Marekani miaka ya 1980 wazazi waliushikia bango mchezo huu, Patricia Pulling alianzisha chama cha kuupinga mwaka 1983 baada ya kifo cha mwanae, makanisa mengi yakaingia, na ushahidi wa kwamba mchezo ndo unaharibu watoto haukupatikana. Lakini kumpa mama wa Temeke historia ya Marekani hakusaidii kitu. Kilichosaidia ni binti yake kumvutia kiti. Akamwambia mama kaa hapa, sisi tumefika sokoni, wewe ndo bi kizee muuza kamba, hawa wanataka kununua, wauzie. Mama akakaa na sinia lake la mchele mapajani, anachambua huku anauza. Jamaa wa benki akaomba punguzo, akarusha dadu, ikatoka 19, tukashangilia. Mama akasema, "Hiyo 19 yako kaweke kwenye ugali. Kamba hii bei ni hiyo hiyo." Hakushusha. Sikuwa na ubavu wa kumfundisha kanuni. Tangu hapo anaulizia wale watoto wa kamba wanakuja lini.

Ila ndani ya kundi lenyewe pia liangalie. Ukitafsiri kile cheo cha mhusika kinachoitwa "wizard" kwenye kitabu kuwa "mchawi", kuna mtu hatakicheza, kwetu neno hilo halina utani, kila familia ina stori yake. Tukabadilisha akawa mnajimu, mtu wa falaki na nyota, ikaisha. Kabla ya kampeni kuanza kaeni kikao kimoja bila dadu muulizane nini hakitakiwi kabisa mezani: kuna aliyefiwa juzi hataki mtoto afe kwenye hadithi, kuna asiyetaka mambo ya kafara. Na kwa yale ambayo mtu hawezi kuyasema mbele za watu kuna mbinu ya kadi ya X, aliitunga John Stavropoulos, kadi moja inakaa katikati ya meza, mtu akiigusa jambo lile linarukwa na hakuna kuuliza kwa nini. Sisi tunatumia jokeri ya kwenye karata. Imeguswa mara mbili kwa miaka yote, na mara zote mbili sikutegemea ingekuwa yule aliyeigusa.

Mmoja kawaibia wenzake, sasa wamenuniana kweli

Mhusika wa fulani ni mwizi. Usiku wenzake wamelala kawaibia pochi ya dhahabu. Akaulizwa, akasema "ndo tabia ya mhusika wangu, mnataka nicheze uongo?" Kikao kiliisha kwa watu kuita bodaboda bila kuagana.

Nilifanya kile ambacho wachezeshaji wengi hufanya, nikaadhibu ndani ya mchezo, nikaleta polisi wa sultani wakamkamata. Akaona nampendelea aliyeibiwa. Ikawa mbaya zaidi.

Sasa chukua kipimo. Lingekuwepo kwenye karata? Hawa wawili, ndiyo. Kumbe aliyeibiwa alikuwa anamdai mwizi hela ya ukweli, laki moja na nusu tangu mwezi wa pili, na ile pochi ilikuwa imegusa kidonda. Dhahabu ya karatasi ilimuuma kwa sababu nyuma yake kulikuwa na hela ya kodi. Hakuna kanuni ya hilo. Nilichofanya ni kuwakutanisha kwa kahawa na kashata, bila kundi, nikasema mimi nadhani hatuzungumzii pochi hapa. Nikanyamaza. Wakamalizana wenyewe, nusu ililipwa mwisho wa mwezi.

Kama hakuna deni nyuma yake, mtu anapenda tu kuibia wenzake kwa raha zake, basi huyo umwambie wazi: tabia ya mhusika umeichagua wewe, chagua nyingine. Mwizi anaweza kuwa mwizi wa watu wote duniani isipokuwa hawa wanne.

Mtu kamleta mpenzi wake

Mpe mhusika ambaye tayari mnamjua, yule wa kulinda jahazi anafaa sana, na usimkalishe karibu na aliyemleta, vinginevyo huyo aliyemleta atacheza kwa niaba yake. Wakiachana ni kesi nyingine na sina dawa yake, kwetu alibaki yeye na akaondoka rafiki yetu.

Mmoja kahamia Dodoma

Simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai, upande wa kiti chake cha zamani. Zima video, ndo inayomaliza bando na kukatakata sauti, sauti tupu inatosha. Spika iwe karibu na mchezeshaji, na mtu mmoja akae upande wake awe anamwambia nini kimetokea pale watu wanapocheka wote kwa pamoja, maana kwa aliye mbali kicheko ni kelele tu. Dadu arushe mwenyewe huko huko. Mtamuamini au hamtamuamini, ila kama hamumuamini kwa umbali wa kilomita zaidi ya 400 hata akiwa hapa mngekuwa mnamchungulia.

Wewe mwenyewe huna hamu

Dalili ni kwamba Ijumaa unaomba mtu aahirishe. Mtu akiandika "jamani leo nimebanwa" unajifanya kusikitika huku moyoni umewasha taarabu.

Kwenye karata hakuna anayekaa saa nne usiku wa Alhamisi anachora ramani, kwa hiyo ni la mchezo, na hasa la namna unavyojiandaa. Nilikuwa naandika kurasa nane kwa kikao, watu wanagusa mbili. Sasa naandika nyuma ya risiti: nani anataka nini, kitu gani kitaharibika wasipofanya lolote, na majina matano ya watu ili nisikwame wakimsimamisha muuza maji na kumuuliza anaitwa nani. Basi. Mengine wao wenyewe wanayaleta, nasikiliza wanachoogopa alafu nakifanya kiwe kweli.

Ikiwa risiti nayo inakushinda kuijaza, achia kiti. Mimi nilikiachia Januari, dada wa famasi akasema atachezesha vikao vitatu, hadithi fupi ya kisiwa kisichokuwa na watu. Nikatengeneza mhusika wangu wa kwanza baada ya miaka mitatu, mvuvi mzee mwenye jicho moja, nikamnunulia mpaka ndoano za akiba. Jumamosi yenyewe nilifika saa tisa na robo, nikabishana naye kanuni ya kuogelea kwa dakika kumi. Baadaye kidogo nikasikia wote wamenyamaza, nikainua kichwa, dada ananiangalia na dadu mkononi, kumbe ameshaniita mara mbili. Simba walikuwa wamesawazisha dakika ya 88. Nikaweka simu mfukoni nikauliza, samahani, tuko wapi?